Tepu Tano Juu ya Mafiga

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili kaninunulia mjukuu wangu Jackline, hapa kwake Kihesa, Iringa, niandike kila siku tumefika wapi na kazi ya cheti changu. Anasema mafundi wote huandika. Mimi shule sikusoma. Herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo kanisani, nikiimba huku kidole kinafuata, mpaka siku moja kidole kikatangulia sauti. Kwa hiyo atakayesoma humu asinisumbue na makosa.

Mimi ni Devota, mzaliwa wa Idodi, mkazi wa Mbalizi, Mbeya, tangu nilipoolewa huko na marehemu Masumbuko. Mjane mwaka wa kumi na moja huu. Sasa naolewa tena. Bwana anaitwa Ambokile, seremala, mgane, karakana yake iko nyuma ya soko la Mbalizi. Tumekubaliana mbele ya watoto wote. Aliyeguna ni mwanangu Timotheo peke yake: "Mama, uzee huu?" Nikamjibu kwamba ujana una joto lake, uzee ndio unataka mtu wa kuota naye moto.

Kikwazo ni kimoja. Padre Sosthenes wa Mbalizi anataka cheti cha ubatizo kutoka parokia niliyobatizwa. Ndoa ni tarehe 3 Mei, na matangazo lazima yasomwe Jumapili tatu, kuanzia ile ya Matawi. Kwa hiyo cheti kimfikie kabla ya jioni ya Jumamosi tarehe 12 Aprili. Kikichelewa, tungoje mpaka baada ya mavuno. Ambokile anameza dawa za moyo asubuhi na jioni. Huyo si mtu wa kumwambia angoje.

Jumanne, 4 Machi

Tumekwenda Idodi na kurudi. Mvua njia nzima, matope mpaka magotini.

Katekista Anord alitupokea vizuri. "Kamwene, mama. Umerudi nyumbani." Nikafurahi. Kisha akanionyesha kabati la vitabu vya parokia na furaha ikaniisha. Mwaka juzi upepo uling'oa bati za ofisi, mvua ikaingia siku tatu, na vilivyobaki mchwa wakamalizia. Kitabu cha ubatizo cha miaka ya hamsini kimekuwa kama uji uliokauka.

"Basi mimi sikubatizwa," nikasema.

"Ulibatizwa, mama, ila hakuna pa kuonyesha. Yupo aliyekuwepo siku hiyo?"

Msimamizi wangu alikufa kabla Anord hajazaliwa. Wote wamekufa. Akasema kuna njia ya kubatizwa tena kwa masharti, kama mtu asiye na uhakika. Nikamwambia mimi uhakika ninao, asiye nao ni mchwa. Miaka yote hii nimepiga magoti, leo nimwagiwe maji kama mpagani mbele ya wajukuu? Sitaki.

Hapo ndipo Anord alipokumbuka boksi. Zamani bruda mmoja mgeni alipiga picha kila ukurasa wa kila kitabu, akazihifadhi kwenye tepu, akaacha na mashine yake. Akaondoka, na hakuna aliyejua kuitumia. Tepu ni tano, kila moja ni kama kipande cha sabuni ya kufulia, nyeusi, nzito kidogo. Mashine ni kama redio iliyonyimwa spika. Pamoja na karatasi ya bruda inayoeleza kilichomo.

Jackline alipoiona aliruka kama mtoto aliyeona bibi karudi na miwa. "Bibi, hii ni tepu ya kompyuta. Kama haijaharibika, upo humo ndani."

Nimo kwenye sabuni. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimeacha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mpaka Pasaka. Msimu wa ulanzi ndio huu, jirani anapitisha ndoo mlangoni hapa kila asubuhi. Mungu ananiona.

Ijumaa, 7 Machi

Jackline amefungua kompyuta yake kwa bisibisi, akachomeka kadi ndani, akaunganisha waya mnene na mashine ya bruda. Kompyuta yake haina picha za maua kama ya ofisi ya kata. Ni kioo cheusi na maandishi meupe. Anaiita Linux, na anaiandikia barua fupi fupi, nayo inamjibu.

Akaiandikia: mashine ya tepu ipo? Ikajibu haipo. Akazima, akasukuma kadi mpaka ikalia "ta", akawasha. Ipo. Ila ikasema haimruhusu kuigusa.

"Kwako mwenyewe unanyimwa?"

"Lazima nijitambulishe kama mwenye nyumba, bibi."

Akajitambulisha, ikamruhusu. Nimeipenda hiyo kompyuta. Ina adabu.

Jioni Ambokile kapiga simu. Kitanda cha ndoa kimefika miguu miwili. Akaniambia pia mbwa wake kamfunga ndani, maana Mhehe mla mbwa anakaribia kuhamia. Nikamwambia Wanyakyusa bila ndizi hawana hata utani, kila mwaka ni huo huo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Jackline kaenda Idodi mjini kwa wateja. Nimekosea, ni Iringa mjini. Nimekaa na lile boksi la tepu, limelowa chini, nikaona huu ni ujinga. Kitu chenye jina langu hakiwezi kuozea sakafuni kwa mara ya pili. Nimezitoa zote, nikazipanga juu ya kichanja cha jikoni, juu ya mafiga, mahali kama pale ninapotundika mbegu ya mahindi kwangu Mbalizi. Moshi haujawahi kuniangusha. Hakuna mdudu, hakuna unyevu. Mbegu yangu ya mwaka juzi bado inaota.

Tena kila tepu ina kitu kidogo cha kusukuma pembeni, kimechorwa kufuli. Nikaona zote tano ziko wazi. Bruda wa watu, mzembe. Nimezifunga zote.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeumbuka mzimamzima.

Jackline kauliza tepu ziko wapi. Nikamwambia njoo uone bibi yako anavyotunza vitu. Nikampeleka jikoni kwa majivuno. Maharage yalikuwa yanachemka, moshi umejaa, na zile tepu juu zimekaa kama samaki wa kukaushwa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizishusha moja moja kwa kitenge, akaziweka kitandani, akakaa karibu nazo, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi. Siku ngapi?"

"Tatu tu."

"Tatu tu."

"Mbegu hukaa miezi sita."

"Bibi, hii si mbegu. Ndani kuna utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, mrefu kutoka hapa mpaka stendi. Chembe ya masizi ikiingia, inakwangua." Kisha akalia. Hakulia kwa ajili ya tepu, nilimwelewa. Huyu nilimlea mimi tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki, na hii ndoa yangu anaitaka kuliko ninavyoitaka mimi. Nilimwambia hayo hayo ninayoyaandika: mimi ni mjinga wa mambo haya, lakini moyo haukuwa mjinga. Akanilalia begani, akanusa moshi kwenye nguo zangu, akacheka kabla machozi hayajakauka.

Tumefuta maganda ya tepu kwa kitambaa kikavu mpaka usiku ukaingia.

La zile kufuli sijamwambia. Kosa moja kwa siku linatosha.

Jumamosi, 15 Machi

Tepu ya kwanza imeingia kwenye mashine. Ikanguruma kidogo, ikawasha taa nyekundu, ikaitema. Ya pili hivyo hivyo. Jackline anasema mashine imekula masizi ya tepu, sasa inataka kusafishwa kinywa, na kuna tepu maalum ya kusafishia. Haipo Iringa. Haipo Mbeya. Ipo Dar.

Ambokile: kitanda miguu mitatu. Sikumwambia la moshi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia. Kacheka mpaka nikaogopa moyo wake. "Devota, na mimi ukinioa utaniweka kichanjani?" Nikamwambia akizeeka vibaya, ndiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Tepu ya kusafishia bado.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Bado. Basi lililoibeba limekwama njiani, barabara imemeguka. Jirani kapitisha ulanzi.

Jumapili, 30 Machi

Bado. Nilimwomba Mungu basi litembee, kisha nikaona aibu kumsumbua kwa basi, kisha nikamwomba tena.

Jackline kaniuliza leo kwa nini sikubali tu kubatizwa kwa masharti, tumalize. Nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mama yangu alinibeba kutoka bondeni kwa miguu siku nzima kwenda misheni, baba hataki, wakwe wamemkasirikia. Alipigwa kwa ajili ya yale maji. Nikikubali kumwagiwa mengine, ni kusema ile safari haikuwepo. Jackline alichukua simu. Akampigia kondakta wa basi kwa mara ya nne.

Alhamisi, 3 Aprili

Imefika. Jackline kaisukuma ndani, mashine ikajisafisha yenyewe kama paka, dakika chache, ikaitema. Akaiingiza mara ya pili ili awe na uhakika. Kisha tepu ya tatu, ambayo karatasi ya bruda inasema ndiyo yenye kitabu changu. Taa nyekundu haikuwaka. Imewaka ya kijani, imetulia.

Nimecheza jikoni peke yangu. Mwiko ndio ulikuwa mwenzangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Karatasi ya bruda: tepu ya tatu ina mafungu matatu, moja nyuma ya jingine. La kwanza wafu. La pili ndoa. La tatu ubatizo wa miaka ya hamsini. Utepe ni kama tuta refu shambani, huwezi kufika katikati bila kupita mwanzo.

Jackline kaiambia mashine isome. Mwanzoni ikakataa, ikalalamika vipande vilivyoandikwa ni vikubwa kuliko inavyotegemea kumeza. Akabadilisha ukubwa wa tonge, ikakubali. Zikatoka kurasa, picha safi, mwandiko wa mapadre wa zamani. Wafu. Tukaona majina mengi ya kwetu, nikawaombea mmoja mmoja, chai ikapoa.

Akaiambia isome fungu linalofuata. Wafu.

Akaiambia tena. Wafu.

"Hawa watu wanatupenda," nikasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Wafu siku nzima. Jackline anadhani bruda alikosea na ubatizo haumo kabisa. Hakula mchana.

Zimebaki siku tano.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikuwa nachambua mchele hapo hapo karibu na mashine. Siku nne nimeisikiliza, nimeizoea kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe. Ikisoma inavuma polepole. Ikimaliza inanyamaza kidogo, halafu inakimbia kwa sauti nyembamba, mbio mbio, kisha "ka", kimya.

Nikamwambia Jackline, "Huyu akimaliza anakimbilia wapi?"

"Nani?"

"Utepe. Kila ukimaliza kusoma wafu, anakimbia. Mimi nikilima tuta nikaenda nyumbani kunywa maji, kesho naanzia niliposimama. Huyu naona kila siku anarudi kuanzia kwenye mgomba, mwanzo wa tuta."

Jackline aliacha kuandika. Akaniangalia. Akaangalia kioo. Akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi kabisa.

Kumbe mashine moja ina milango miwili. Ukiingilia mlango wa kwanza, ukitoka tu utepe unajizungusha wote mpaka mwanzo. Ukiingilia wa pili, ukitoka utepe unabaki pale pale ulipouacha. Siku zote tulikuwa tunaingilia wa kwanza. "Na hili nalijua, bibi," akasema. "Nimefundishwa wiki ya kwanza kabisa. Nimesahau kama mpumbavu." Nikamwambia mpumbavu wangu mwenyewe, ale kwanza. Kala sahani mbili.

Alipotaka kuanza, umeme ukakatika.

Jumatano, 9 Aprili

Siku hii naiandika yote.

Umeme umerudi saa nne asubuhi, na mawingu meusi yamekaa juu ya milima, radi zinanguruma. Jackline akasema radi ikikaribia lazima ang'oe nyaya zote, kwa hiyo twende haraka. Akaingilia mlango wa pili. Wafu wakapita, utepe ukanyamaza, haukukimbia. Akaniangalia, nikamwangalia. Ndoa zikatoka. Nikapiga kigelegele kimoja, jirani akauliza kuna nini, nikamwambia tumetoka makaburini.

Radi ikapiga karibu, nyumba ikatikisika, umeme ukazima na kuwaka. Mashine ikaanza upya, utepe ukarudi mwanzo. Jackline akaandika haraka haraka, akabonyeza. Kompyuta ikajibu mstari mmoja. Akaondoa mikono yote kwenye kompyuta.

"Bibi," akasema, "nimeiambia iandike."

"Si ndiyo iandike?"

"Hapana. Nilitaka isome. Nimeiambia iandike. Ingeandika juu ya wafu, na kila kilicho mbele yake kingepotea, ndoa, ubatizo, vyote. Havirudi." Akavuta pumzi. "Imekataa. Inasema tepu imefungwa. Mimi sikuifunga. Bruda aliziacha wazi, niliziona siku ile Idodi nikasema nitazifunga, nikasahau."

Nikainamia ungo wangu wa mchele, nikaendelea kuchambua.

"Bibi. Nani kafunga?"

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Siku ile ya moshi. Niliona kufuli limechorwa, liko wazi. Mtu gani analala na mlango wazi? Nikafunga zote. Nikaogopa kukwambia, ulikuwa umeshalia."

Alinyanyuka kwenye kiti, akanikumbatia na ungo wangu, mchele wote ukamwagika sakafuni. Alikuwa analia na kucheka, na mimi pia, na radi inapiga, na kuku wa jirani wameingia wanakula mchele, hatukuwafukuza.

Kisha akaketi, akaandika polepole, akinisomea kila neno kabla ya kubonyeza. Ruka fungu la kwanza. Ruka la pili. Soma. Utepe ukavuma mrefu. Zikatoka kurasa za ubatizo, kurasa mia na zaidi, na tukaanza kupekua.

Niliuona mimi. Sikungoja Jackline. Kidole kilitangulia kama zamani. Mwaka 1953, mwezi wa nane. Devota. Jina la baba, na pembeni yake padre kaandika "hakuwepo". Jina la mama. Chini ya jina la mama kaandika umbali: "ametembea kutoka bondeni, siku moja".

Padre yule aliandika safari ya mama.

Pembeni kabisa, kwa wino mwingine, ndoa yangu na Masumbuko, Mbalizi, 1972. Na baada ya hapo nafasi nyeupe.

Jackline kang'oa nyaya. Mvua ikashuka, tukakaa gizani mchana, tumejaa furaha.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana huko Idodi Anord kaweka mhuri, paroko kasaini, na leo Jackline kapanda gari la alfajiri kwenda Mbalizi na cheti kifuani.

Jumamosi, 12 Aprili

Padre Sosthenes kakipokea saa nane mchana. Kasema mwandiko unasomeka. Ndiyo tu aliyosema, lakini kesho anatangaza.

Ambokile kapiga simu, sauti nzito. "Devota, Jackline kanionyesha cheti. Hapa pameandikwa 1953."

"Ndiyo."

"Uliniambia una miaka sitini na nane."

"Nilikwambia siku ambayo nilikuwa najisikia sitini na nane."

Nikasikia anaweka nyundo chini. Nikaanza kuogopa. Kisha akasema, "Na mimi si sabini. Ni sabini na tano. Nilifikiri utakataa."

Mungu wangu, nimepata mwongo mwenzangu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Ulanzi. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeolewa. Timotheo ndiye aliyecheza kuliko wote. Kitanda kina miguu minne na hakiyumbi.

Jumapili, 18 Mei

Tumekuja Idodi wote watatu, mimi, mume wangu na Jackline. Kila ukurasa Jackline kauchapa, parokia imejalidi kitabu kipya. Barua ya Padre Sosthenes ilishafika. Anord akafungua ukurasa wangu, na kwenye ile nafasi nyeupe akaandika kwa wino: ndoa, Devota na Ambokile, Mbalizi, 3 Mei 2025. Ndiyo maandishi ya kwanza ya mkono kwenye kitabu kile kipya. Ambokile akatoa leso, akasingizia vumbi. Vumbi la wapi, mvua ndiyo imeisha juzi.

Jackline alikuja na kompyuta na mashine. Tepu za bruda zimepumzika, zimefungwa. Alishanunua tepu mpya na kunakili zote tano humo. Akaupiga picha ukurasa wangu wenye wino mbichi, akaingilia mlango wa pili, akaupeleka utepe mpaka mwisho wa yote yaliyoandikwa.

"Bonyeza wewe, bibi."

Nikabonyeza. Ukavuma. Haukukimbia nyuma. Umeishia pale ilipoishia ndoa yangu, unangoja.

Jackline akaitoa tepu, akanipa mkononi. "Haya, fundi wa makufuli. Funga."

Nikaigeuza, nikakiona kile kidude cha kusukuma. Nikamrudishia ikiwa wazi.

"Bado," nikasema. "Wewe hujaolewa."

"Bibi, mimi nilibatizwa Kihesa. Kitabu chetu ni kingine."

"Si utepe umebaki na nafasi nyingi?"

Ambokile akauliza kama atengeneze kitanda kingine au angoje kwanza. Nikamwambia apime mbao.